Fundi wa Chumba cha Mahandaki

Nilimfahamu kwa kumsengenya. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kwenye meza ya mapokezi ya makumbusho moja ndogo mashariki mwa London, na nilikuwa nimempigia simu dada yangu Mombasa, nikimlalamikia juu ya mzee mmoja Mhindi, mwenye kilemba, ambaye kila akipita huniachia alama za grisi mezani na hata kuomba radhi haombi. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu akisaini daftari la funguo. Akamaliza kusaini, akatoa kitambaa mfukoni, akaifuta meza taratibu kutoka pembe hadi pembe, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mwambie dada yako mzee ameomba radhi."

Tangu siku hiyo tukazoeana, na mazoea yetu yalidumu miaka kumi na moja. Kadi yake ya kazi ilikuwa na cheo kirefu cha Kiingereza ambacho hakuna aliyekitumia. Mimi nilimwita Fundi, na baada ya muda hata meneja, ambaye hakujua neno jingine la Kiswahili, akawa anamwita Fundi. Yeye aliniita Mama Salma, kwa jina la binti yangu wa pekee. Alikaa Southall, mimi Stratford, yaani kila asubuhi aliuvuka mji mzima kuja kazini. Ilipofunguliwa ile reli mpya, safari yake ilipungua karibu nusu, naye akanung'unika mwezi mzima kwamba hapati tena muda wa kulimaliza gazeti.

Alikuwa Kalasinga wa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. Ngeli alizichanganya kama mtu anayetupa misumari ya kila saizi ndani ya kopo moja: hii chuma, ile watu, maji moja. Mimi wa Mombasa masikio yaliniuma. Lakini jina la chombo hakulikosea hata siku moja. Tupa, patasi, msasa, jiliwa la kubania chuma mezani. Mengine nilikuwa sijayasikia tangu babu yangu afariki. Aliniambia kwamba kazi aliifundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mikono yake inafikiri kwa Kiswahili. Kipunjabi ni cha kula na kuomba Mungu, alisema, na Kiingereza ni cha kusaini.

Ghorofa ya chini ya makumbusho yetu ilikuwa na chumba kimoja kirefu cha Vita Kuu ya Kwanza, hasa maisha ya wale askari walioishi ndani ya mahandaki kule Ufaransa na Ubelgiji. Katikati palijengwa handaki la mfano, kuta za mbao na magunia ya mchanga, lenye kona kona ili mgeni aone jinsi kila kona ilivyowakinga watu na mlipuko wa kona ya pili. Kandokando, ndani ya vioo, zilikuwa silaha zenyewe. Kazi ya Fundi ilikuwa kuzisafisha zisile kutu, kuhakikisha hakuna inayoweza kufyatuka, na kutengeneza kipande chochote kilichopotea. Kipande chake kipya na cha zamani ukiviweka pamoja huvitofautishi, mpaka akuonyeshe herufi ndogo aliyoichora kwa ndani ili asije akamdanganya mtu.

Kuongoza wageni haikuwa kazi yake, lakini wageni walimfuata. Alizieleza silaha kama mtu anayeeleza ugomvi wa majirani. Kwanza lilikuja bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi mfululizo, alisema, na bombomu ndilo lililochimba handaki, si sepetu. Zamani mtu aliweza kukimbia uwanjani akabahatisha. Bombomu moja likafanya kazi ya bunduki za kikosi kizima, na mtu akakosa pa kujificha ila ardhini. Wakaingia ardhini pande zote mbili. Ikaletwa seng'enge, kitu kilichobuniwa kuzuia ng'ombe, ikazuia watu. Kwa kuwa watu hawapiti, ikaletwa mizinga mikubwa ya kuwafukua. Mizinga ikaleta kofia ya chuma, maana vipande vya makombora vilikuwa vikishuka kama mvua, na askari walikuwa wameingia vitani na kofia za kitambaa. Ikafuata gesi, inayotambaa yenyewe mpaka shimoni, na gesi ikaleta barakoa. Mwisho likaja gari la chuma la kupita juu ya seng'enge, ambalo sisi tunaliita kifaru.

"Kila fundi alikuwa najibu fundi mwingine," alimalizia. "Askari yeye iko katikati tu, kama ile chuma kwa jiliwa."

Lakini kabati alilolipenda kuliko yote lilikuwa dogo, pembeni, lenye vitu ambavyo askari walijitengenezea wenyewe. Kulikuwa na kijisanduku chenye vioo viwili cha kuchungulia nje, maana aliyeinua kichwa nukta moja alipigwa risasi na mdunguaji. Kulikuwa na kopo la jamu lililojazwa baruti na vipande vya chuma, likawa bomu la mkono. Na ganda tupu la kombora lililoning'inizwa ili ligongwe kama kengele gesi ikija. Na kulikuwa na rungu la mti lililopigiliwa misumari ya viatu, la kwenda nalo kwa kutambaa kwenye handaki la adui. Hapo kwenye rungu alisimama muda mrefu zaidi. Ilitumika akili yote ile ya viwanda, alisema, na mwisho wake mtu na mtu wakakutana gizani na vijiti. Kisha, kama aliona wageni wamenyong'onyea, aliwasimulia jinsi bombomu lilivyopozwa kwa maji, na maji yalipochemka askari waliyakinga wakapika chai yenye harufu ya mafuta. Watu walicheka hapo. Aliniambia aliiacha mwisho makusudi, kwa sababu mtu asiyecheka kidogo huko chini harudi tena.

Watoto wa shule walimuuliza swali lile lile kila wiki: bunduki hii imeua watu wangapi? Hakuwafukuza wala hakuwahubiria. Aliwaambia kwamba bunduki haijaua mtu. Walioua ni watatu, aliyechora, aliyetengeneza na aliyefyatua. Na yeye humwonea huruma huyo wa tatu, maana ndiye peke yake aliyeona.

Mtu wa maneno hayo ungemdhania anakichukia chuma kile. Wapi. Siku ya kulifungua bombomu kwa ajili ya usafi, alivaa kilemba safi na kuja mapema. Alikipanga kila kipande juu ya kitambaa cheupe, akaniita nitazame jinsi mlio mmoja wa risasi unavyovuta wa pili, bila kamba wala mtu, nguvu ya risasi yenyewe ikiipakia inayofuata. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kasida nzuri. "Hakuna skrubu moja ya bure hapa," alisema. Nikamuuliza haoni vibaya kukisifu kitu kama kile. Akajibu kwamba aliyekitengeneza alikuwa na akili kuliko sisi sote tuliomo jengoni, na hilo ndilo linalomtisha.

Mtu huyo huyo hakuweza kumuua panya. Bohari letu lilipoingiliwa, alimnasa mmoja ndani ya boksi la viatu, akatoka naye kwenye baridi mpaka mfereji wa maji, mwendo wa dakika ishirini, akamwachia huko. Kesho yake tukamkuta panya boharini, na Fundi akashikilia kwamba si yule, ni ndugu yake.

Lakini kwa binadamu wa kazi hakuwa na huruma hiyo. Alikuwa mkali wa kuudhi. Mama mmoja Mwingereza, aliyejitolea kufunga vitambulisho kwenye vitu, alitokwa na machozi siku Fundi alipomkatia vifundo vyote arobaini kwa kuwa vitatu vimelegea. Nilimwambia amekosa adabu. Alikubali, akaenda kumwomba radhi na boksi la ladu, na wiki iliyofuata akamkatia tena. Kazi mbovu ilimuuma mwilini. Kama mlango ulilia alisimamisha mazungumzo, akaenda kutafuta mafuta.

Nimkumbuke pia kwa picha ya wapagazi. Vita vile vilifika kwetu Afrika Mashariki, na kule hakukuwa na barabara za kupitisha bombomu. Lilifunguliwa vipande vipande, likabebwa vichwani na watu waliokusanywa vijijini, wengi wakafa kwa njaa na maradhi kabla ya kusikia mlio wake. Kina Kariakoo hao, jina lao limebaki sokoni Dar es Salaam. Picha yao tulikuwa nayo moja, nayo ilitundikwa kwenye ujia wa chooni. Fundi aliandika barua mara mbili kuomba ihamishwe, akajibiwa kwamba suala linafikiriwa. Jumapili moja akaja na drili yake, akaitundika chumbani juu ya bombomu lenyewe, mikono yao na chuma walichokibeba. Meneja alipoiona Jumatatu aliuliza kama imepimwa kwa pimamaji. Iko pale pale.

Jambo moja tu ndilo lililomgombanisha kweli na ofisi. Waliweka spika ndani ya handaki, zikawa zinatoa milio ya mizinga na watu wakipiga kelele. Wageni walipenda. Siku moja akaja baba mmoja Mkongo na mkewe na watoto, wamependeza, wametoka kanisani. Milio ilipoanza, yule baba alijikunja kwenye kona ya handaki, kichwa katikati ya magoti, na hakuna aliyeweza kumtoa. Mkewe alimbembeleza, mlinzi akataka kuita ambulansi. Fundi alishuka, akazima umeme wa chumba chote isipokuwa taa, akaketi chini kwenye mbao kando yake. Hakumgusa. Alianza kumsimulia kwa kile Kiswahili chake kibovu habari za mbao zile: zimetoka wapi, nani alizipasua, kwa nini ya tatu imepinda. Baada ya kama nusu saa yule baba akaongea, kwa Kiswahili cha kwao, akasahihisha jina la mti. Wakatoka wameshikana mikono. Jioni ile Fundi alizikata nyaya za spika kwa koleo, akampelekea meneja vipande vyake ndani ya bahasha. Alipewa onyo la maandishi. Handaki likabaki kimya, na nadhani likawa la kutisha zaidi, maana sasa mgeni anasikia pumzi zake.

Sasa nifike kwa Salma. Binti yangu amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini hunijibu kwa Kiingereza. Alisoma uhandisi, na alipomaliza akaajiriwa na kampuni moja nje ya London inayotengeneza droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani. Kazi yake ilikuwa kuifundisha kamera isikipoteze kitu inachokifuata, hata kikipita nyuma ya mti. Nilijivuna, sitaficha. Kila harusi niliyokwenda watu walisikia habari za droni. Nikamleta kwa Fundi ampe heri.

Fundi alilifungua bombomu mbele yake, akavitawanya vipande, akamwambia alirudishe bila kuuliza. Salma alilirudisha kwa muda mfupi kuliko mtu yeyote niliyemwona. Mzee alimtazama vidole, akasema ana mikono. Nilipombana baadaye anieleze anaionaje kazi ile, aliniambia ni kazi nzuri, ila mtoto ajue tu anatengeneza nini. Nikalichukua neno hilo kuwa baraka, nikaenda zangu.

Mwaka uliofuata Fundi alianguka karakana kwa maradhi ya moyo, akapona, lakini hakurudi kazini. Na miezi michache baadaye Salma alikuja nyumbani siku ya kazi, akasimama jikoni na koti lake mwilini. Aliniambia kwamba ofisini wameonyeshwa video kutoka vitani, kwenye mkutano, biskuti ziko mezani. Askari mmoja yuko ndani ya handaki, handaki la leo, lenye mbao na matope kama la kwetu kule makumbusho. Anaiona droni juu yake. Anakimbia kona moja, ya pili, ya tatu, na kamera haimpotezi. Mwishowe anasimama, anavua kofia, anainua viganja. Hapo video ikakatwa, na watu chumbani wakampigia Salma makofi, kwa sababu kutompoteza yule mtu ilikuwa kazi yake.

Nililomjibu linaniaibisha. Nilimwambia ni mbali, na wale wanaotumia droni zile wamevamiwa, wana haki ya kujilinda, tena ndiyo kwanza amepata nyumba yake. Akaniambia kwamba anajua wana haki, na droni hizo hizo zimewaokoa watu wengi, na laiti ingekuwa si hivyo ingekuwa rahisi. Kisha akaniomba anwani ya Fundi.

Alikwenda Southall Jumapili, akarudi Magharibi imeshaingia. Baada ya wiki tatu akaacha kazi. Alikaa miezi bila kazi nyingine, nyumba akairudisha, akarudi kulala chumba chake cha utotoni. Siku hizi yuko kwenye mambo ya taa za reli, cheo cha chini, na anasema kiti chake kule kilipata mtu mwingine kabla hakijapoa. Kila nilipomuuliza mzee amemwambia nini, alinijibu nikamuulize mwenyewe. Sikumuuliza. Nilimkasirikia Fundi majira yote ya baridi. Niliona ameliharibu tunda langu kwa maneno yake ya makumbusho, naye alikuwa na pensheni yake na watoto wake wamekwisha kukaa vizuri. Simu zake mbili sikuzipokea.

Mwezi wa tatu mkewe akanipigia, akaniambia kwa upole kwamba kama nataka kumwona nisikawie.

Walikuwa wamemwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Kilemba hakuwa nacho, ila kitambaa chepesi, na ndevu zake ambazo siku zote zilikuwa zimechanwa zilikuwa zimemwagika kifuani. Nilikusudia kusalimu tu na kuondoka. Akanitazama, akasema, "Umekasirika, Mama Salma." Nikasema ndiyo. Nikamuuliza alimwambia nini mwanangu.

Alianza mbali. Alipofika London, kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha springi. Zilikuwa springi ndogo kama za kalamu, na waliambiwa ni za mashine. Mwaka wa pili akajua zinakwenda kwenye makombora, ndani ya kile kichwa cha mbele kinachokilipua chote. Hakuacha. Watoto walikuwa wadogo, na kazi aliipenda. Alikaa pale miaka kumi na minne, na katika muda wote huo hakuna springi yake iliyorudishwa kwa kasoro. Walimpa zawadi kwa hilo, naye akaitundika ukutani.

Halafu, uzeeni, akaja makumbusho, na siku moja akapewa barua za askari wa mahandaki azitengenezee fremu. Alizisoma moja moja ili ajue ipi ikae wapi. Akakuta barua tatu, za watu watatu wasiojuana, zinazosema jambo moja. Kombora limeshuka ndani ya handaki, miguuni pao, limezama kwenye tope, wamefumba macho, na halikulipuka. Mmoja alicheka mpaka akatapika. Mmoja alimwandikia mkewe siku ile ile, na kwenye karatasi iliyofuatana na barua ile imeandikwa kwamba baada ya vita walipata mtoto wa kike.

Mkewe alichungulia mlangoni, akaondoka.

"Yule mtoto alizaliwa kwa sababu fundi moja mahali alikosea," alisema. "Labda alikuwa mlevi. Labda aligombana na bibi yake asubuhi, akaweka springi vibaya. Mimi nilikuwa nachukia fundi kama huyo maisha yangu yote. Na mimi sikukosea hata moja."

Nilimuuliza kama hayo ndiyo aliyomwambia Salma.

"Hayo tu. Sikumwambia acha."

Akaniambia kwamba Salma alimuuliza swali moja. Je, kama angezijua zile barua mapema, angezitengeneza springi vibaya makusudi? Alimjibu hapana, hangeweza. Mikono isingekubali. Mtu aamue kabla hajashika kazi, alimwambia, maana mikono ikishajua haijui kufanya vibaya.

Nilitaka kumfariji. Nilikuwa nimekwisha kulipanga neno: kwamba nani ajuaye, Fundi, katika miaka kumi na minne haikosi ziko springi mbili tatu zilizokataa kufyatuka, na kuna watu mahali wanakula chakula chao leo kwa ajili yake. Lilinifika ulimini. Lakini nilimjua kwa miaka kumi na moja, na kasoro katika kazi yake sikuwahi kuiona. Nikavuta stuli karibu na kitanda, nikaushika mkono wake, tukakaa hivyo mpaka mkewe alipoleta chai.